Tunaambiwa Tuache Mazoea

Neno mazoea limepata bahati mbaya katika siasa zetu. Kila kiongozi anayeapishwa, awe waziri au mkuu wa wilaya, huahidi katika hotuba yake ya kwanza kwamba hatawavumilia watumishi wanaofanya kazi kwa mazoea. Mkurugenzi wa halmashauri hulipokea onyo hilo na kulishusha kwa wakuu wa idara, nao hulishusha kwa watendaji wa kata, hata likamfikia mwanakijiji aliyekuja kuuliza tu habari za hati ya shamba lake. Wahenga nao hawakulitetea sana neno hili. Wao walisema mazoea yana tabu. Ajabu ni kwamba viongozi hao hao, wakipanda jukwaa la afya, hutuhimiza kwa sauti ileile tujenge mazoea: tutembee kila siku, tupunguze chumvi na sukari, tule matunda, tulale mapema, tupime afya zetu kabla hatujaugua.

Sina ugomvi na ushauri huo. Ugomvi wangu ni na imani iliyo nyuma yake, imani kwamba tamko moja huua mazoea mabaya na tamko jingine huzaa mazoea mema. Mazoea huota mahali ambapo jambo dogo hufanywa tena na tena, saa ileile, mbele ya watu walewale, na ambapo njia ya kulifanya haina miiba mingi. Nchi yetu iliwahi kulijua jambo hili, tena ikalitenda kwa ustadi ambao leo hatunao.

Nichukue Msata kama mahali pa kutazamia. Msata ni kata ya Halmashauri ya Chalinze, wilayani Bagamoyo, na wasomaji wangu wengi wanaifahamu kupitia dirisha la basi. Hapo ndipo barabara itokayo Bagamoyo kwa njia ya Kiwangwa, yenye urefu wa kilometa 64, inapoungana na barabara kuu ya Chalinze na Segera iendayo Tanga, Moshi na Arusha. Tangu barabara ya Bagamoyo ilipotiwa lami, magari mengi yatokayo kaskazini hukunja hapo ili kuikwepa foleni ya Chalinze na Kibaha. Njia panda ikawa soko, na soko likawa mji ambao haujajitambua bado kuwa ni mji. Wakwere, Wazigua na Wadoe waliokuwa wenyeji wa maeneo hayo sasa wanaishi bega kwa bega na Wamasai wa mifugo na wafanyabiashara waliotoka kila pembe ya nchi kuja kupanga fremu.

Mtu akisimama njia panda ile alfajiri, kabla ya jua kuwa kali, atayaona mabadiliko makubwa ya miili yetu yakiwa wazi kama mchoro ubaoni. Mwanamke ambaye mama yake alikwenda shambani kwa miguu, akalima, akarudi na kuni kichwani, yeye anaketi nyuma ya meza ya nyanya na vitunguu tangu basi la kwanza hadi la mwisho. Kijana wa bodaboda huzunguka kutwa nzima bila kutembea hatua mia mbili. Dereva wa lori huteremka kwa dakika kumi, hula chipsi mayai zilizonyunyiziwa chumvi mara mbili, mara moja na muuzaji na mara moja na yeye mwenyewe, halafu hununua kinywaji cha kuongeza nguvu kwa sababu hajalala. Na mananasi ya Kiwangwa, ambayo yangekuwa dawa ya karibu kuliko zote, hupita mbele ya watoto wa njia panda kama wageni. Yakibaki ni mtaji wa kesho. Mtoto hupewa soda.

Sisemi hayo ili kuisingizia lami. Barabara ile imemfikisha mama mjamzito hospitalini kwa muda ambao bibi yake asingeweza kuuota, na imemtoa mkulima wa nanasi mikononi mwa dalali mmoja. Nasema tu kwamba barabara ilibadilisha mazoea ya watu wa Msata bila hotuba hata moja. Hakuna mkuu wa mkoa aliyewaambia waache kutembea. Mazingira yalibadilika, na miili ikafuata.

Matokeo ya mabadiliko ya namna hiyo yalikwishapimwa nchini muda mrefu uliopita. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 juu ya viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza, uliofanywa kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kwamba takribani mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na kama asilimia tisa wana kisukari. Siku zile bado tulikuwa tukiyaita magonjwa haya maradhi ya wakubwa, ya watu wa magari na viyoyozi. Leo nenda kwenye msiba wowote, uulize marehemu aliugua nini, kisha uhesabu ni mara ngapi utajibiwa kwa neno presha au neno sukari. Muuza nyanya akipooza upande mmoja, familia huuza kiwanja kwanza na kutafuta maelezo baadaye.

Basi watu hushauriwa. Ushauri unaofika Msata siku hizi huja kwa simu, umeandikwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, kisha ukatafsiriwa. Tembea hatua elfu kumi kwa siku, unasema. Hesabu hii ya elfu kumi haikutoka hospitalini. Ilitoka Japani mwaka 1965, pale kampuni moja ilipoanza kuuza kifaa cha kuhesabu hatua ikakiita Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi, wakati taifa lile lingali na hamasa ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Ilikuwa namba nzuri ya kuuzia. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema jambo la kawaida zaidi, kwamba mtu mzima apate walau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa wiki, ambazo ni kama nusu saa kwa siku tano. Lakini nani atasambaza jambo la kawaida?

Kunywa maji mengi, unasema tena ushauri huo. Mradi wa maji wa Chalinze, unaovuta maji ya Mto Wami, umekuwa ukijengwa kwa awamu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kizazi kizima kimekua kikisikia kwamba awamu inayofuata ndiyo itakayomaliza kiu. Maji yamesogea, kusema haki yasemwe. Hata hivyo mtu aliyelelewa kuyapima maji kwa dumu hayanywi kama mtu aliyelelewa na bomba. Hunywa kwa hesabu, na hesabu hiyo hukaa mwilini hata baada ya bomba kufika mlangoni.

Hapa wapo watakaoniambia kwamba natafuta visingizio, kwamba mtu mzima hana haja ya serikali kumshikia kijiko cha chumvi. Ni kweli. Kijiko cha tatu cha sukari katika chai hakikuwekwa na halmashauri. Wapo watu wa Msata wenye mazingira yale yale wanaokula vizuri na kulala mapema, na wapo maprofesa wenye bustani na bomba wanaokufa kwa uvivu. Hiari ya mtu ipo. Swali langu ni nini huifanya hiari hiyo idumu kupita wiki ya pili, maana wiki ya kwanza kila mtu ni shujaa.

Jibu bora ninalolijua halikuandikwa katika vitabu vya kisasa vya kujiboresha vinavyopangwa kwenye maduka ya viwanja vya ndege. Lilitolewa hapa nchini mwaka 1973, na jina lake lilikuwa Mtu ni Afya.

Kila ninapowauliza wanafunzi wangu habari za kampeni hiyo, wachache mno huwa wameisikia, na waliosikia hudhani ni wimbo. Ilikuwa kampeni ya wiki kumi na mbili, iliyoratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa kushirikiana na wizara na chama. Msingi wake ulikuwa umekwisha kuwekwa: mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ndogo za redio zilikuwa zimejaribiwa kabla yake. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo. Watu kama milioni mbili walishiriki, katika nchi ambayo sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu zaidi kidogo ya milioni 12. Sijui ni jambo gani lingine la hiari, ukiacha ibada na mpira, ambalo limewahi kuwakusanya Watanzania kwa uwiano huo.

Namna ilivyokwenda ni rahisi kiasi kwamba mshauri wa leo angeona aibu kuiandikia andiko la mradi. Kikundi kilikutana siku maalumu ya wiki, chini ya mwembe au darasani. Kilisikiliza kipindi cha redio. Aliyejua kusoma aliwasomea wenzake sura moja ya kijitabu, kuhusu malaria au kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu. Kisha walijadili: hapa kwetu ugonjwa huu unatokana na nini? Mwisho, na hapa ndipo ustadi ulipolala, hawakuruhusiwa kutawanyika kabla ya kuamua jambo moja la kufanya kabla ya kukutana tena. Kufukia dimbwi. Kufyeka majani kuzunguka nyumba. Kuchimba choo cha mzee asiye na nguvu. Kuchemsha maji. Wiki iliyofuata walikutana tena, na bila shaka aliyeahidi akashindwa alipaswa kuwatazama usoni wenzake, ambao si wakaguzi wala maofisa, ni jirani zake tu.

Vyoo vilichimbwa kwa maelfu. Lakini zaidi ya vyoo, watu walijifunza kwamba ugonjwa una chanzo kinachoweza kufikiwa kwa jembe.

Nisiitie chumvi hadithi hii, maana nimetoka kuilaumu chumvi. Miaka ile ile dola iliyoketi na wananchi chini ya mwembe iliwahamisha wengine kwa malori. Operesheni Vijiji ilianza mwaka huo huo wa 1973, ikaendelea hadi 1976, na wapo wazee wa Pwani wanaokumbuka mazao waliyoyaacha shambani. Ukizitazama kampeni hizo mbili kwa pamoja unapata somo ambalo mhadhiri wa siasa hangeweza kulitunga: vijiji vingi vilivyoundwa kwa amri watu walivihama mara tu mkono wa dola ulipolegea, ilhali ule mpango wa wiki kumi na mbili, ambao haukumtoza mtu faini, bado unatajwa na wataalamu wa elimu duniani miaka hamsini baadaye.

Wala hilo halikuwa jaribio la kwanza la amri. Katika mkoa jirani wa Morogoro, serikali ya Mwingereza iliwaamuru Waluguru mwanzoni mwa miaka ya 1950 wachimbe matuta ya ngazi katika milima yao ili kuzuia mmomonyoko. Kwenye karatasi wazo lilikuwa jema. Lakini lilikuja na adhabu, lilidai kazi nzito, na katika udongo mwembamba wa milima ile lilifukia tabaka lenye rutuba na kuleta juu udongo mfu. Mwaka 1955 ghasia zilizuka na mpango ukaachwa. Waluguru walikuwa wakulima hodari kabla ya amri ile, wakaendelea kuwa hivyo baada yake. Walichokikataa ni kufanywa mikono ya akili ya mtu mwingine.

Sasa nije kwetu. Mwaka 2015 Rais Magufuli, akiwa hata hajatimiza mwezi mmoja Ikulu, alifuta sherehe za Uhuru na kuifanya tarehe 9 Desemba kuwa siku ya usafi, kwa kuwa kipindupindu kilikuwa kimeenea. Baadaye Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ikawa ya usafi nchini kote. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Nia zote mbili zilikuwa njema na siwezi kuzibeza. Zoezi la kwanza liliwatoa wakubwa ofisini wakashika fagio, jambo ambalo mama zetu walilitazama kwa furaha ya pekee.

Lakini zihesabu. Jumamosi moja kwa mwezi ni siku kumi na mbili kwa mwaka. Mikutano ya Mtu ni Afya nayo ilikuwa wiki kumi na mbili. Idadi ni ileile, ila mikutano ile ilifuatana wiki kwa wiki, na katikati ya mmoja na mwingine kulikuwa na kazi ya kufanya na jirani wa kuulizwa naye. Kati ya Jumamosi mbili za mazoezi kuna mwezi mzima wa kimya. Tena siku yenyewe hupambwa kama sherehe: fulana zenye nembo, muziki, mgeni rasmi anayechelewa, hotuba, picha. Watu hukimbia kilometa tano kwa shangwe, kisha hupanda gari kurudi nyumbani. Sherehe ina nafasi yake katika maisha ya taifa. Mazoea ni kitu kingine, kwa kuwa hayana mgeni rasmi.

Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti ambao tangu hapo umetajwa sana, mara nyingi visivyo. Walichukua watu 96, kila mmoja akachagua jambo dogo la kula, kunywa au kuushughulisha mwili, akaliambatanisha na tukio la kila siku, tuseme baada ya kifungua kinywa au kabla ya chakula cha jioni, na wakamfuatilia kwa muda wa wiki kumi na mbili. Kwa makadirio yao, mtu wa katikati alihitaji siku 66 kabla jambo lile kuanza kujifanya lenyewe bila kusukumwa. Wepesi walihitaji 18, wazito 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Nilipousoma utafiti ule mara ya kwanza niliduwaa kwa sababu moja tu: wiki kumi na mbili, siku themanini na nne. Wale walimu wa elimu ya watu wazima wa 1973, waliofanya kazi kwa redio za betri na vijitabu vya karatasi hafifu, walikuwa wameupanga muda ule ule, bila shaka kwa busara ya kuwajua watu tu.

Jambo la pili ambalo utafiti ule unalithibitisha ni kuambatanisha. Tendo jipya hushika likifungwa kwenye tendo la zamani. Na hapa jamii ya Pwani ina utajiri ambao washauri wa simu hawauoni. Siku ya Mwislamu wa Msata tayari imegawanywa kwa swala tano. Ana saa ambazo hakuna kengele ya simu inayoweza kuzishinda. Mkristo jirani yake ana jumuiya ndogondogo yenye siku na zamu ya nyumba. Mama wa nyumbani, awe wa dini yoyote, hufagia uwanja asubuhi kabla hajasema neno na mtu. Wazee wana bao na kahawa ya jioni. Anayetoka msikitini alfajiri akaamua kurudi nyumbani kwa njia ndefu amekwisha kuipata nusu saa yake ya siku, hana haja ya kifaa cha Mjapani. Anayeondoa kopo la chumvi mezani ameanza kulishughulikia tatizo. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isizidi gramu tano kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, hesabu ambayo dereva wetu wa lori huimaliza mapema kuliko anavyodhani.

Niseme neno juu ya furaha, kwa kuwa afya isiyo na furaha ni kuongeza tu muda wa kulalamika. Mwaka 2018 ripoti ya kimataifa ya furaha ilituweka katika nafasi ya 153 kati ya nchi 156, na mitandaoni tukapandwa na hasira: vipi sisi, watu wa utani na ngoma, tuwe wa mwisho kwa furaha? Tuliisoma haraka mno. Swali waliloulizwa watu halikuhusu kicheko. Waliombwa kufikiria ngazi yenye vipandio kuanzia sifuri hadi kumi, maisha mabaya kabisa chini na maisha bora kabisa juu, kisha waseme wao wako kipandio cha ngapi. Mtu anaweza kucheka kutwa nzima kijiweni na bado akajibu tatu, kwa kuwa hajui kesho ataamkaje. Kijana wa bodaboda anayekaa saa kumi na sita juu ya pikipiki ya mkataba, akidaiwa hesabu ya tajiri kila jioni, hana siku yenye umbo. Kumwambia alale mapema ni kumwambia alipe deni mapema. Ila kijana huyo akiwa na saa moja isiyoguswa na mtu, ya mpira jioni pamoja na wenzake, tayari ana kitu kimoja katika kesho yake anachokijua.

Ndiyo maana nakereka viwanja vya wazi vinapogeuzwa fremu. Mji unaokua kando ya barabara humega kwanza kile kisicho na mwenye kukitetea, na kiwanja cha mpira hakina hati wala mwanasheria. Diwani hukitazama akaona ushuru. Mimi nakitazama nikaona dakika 150 za wiki za vijana mia moja zikiuzwa kwa bei ya kodi ya duka la vocha. Sheria ya Barabara ya 2007 imehifadhi mita 30 kila upande wa barabara kuu, na wananchi wengi wanaifahamu sheria hiyo kwa alama nyekundu iliyochorwa ukutani mwa nyumba zao. Ndani ya mita hizo zilizohifadhiwa kwa gharama kubwa kiasi hicho, je, haiwezekani kuipata mita moja na nusu ya njia ya miguu, kutoka shuleni hadi njia panda, ili mtoto na bibi yake watembee bila kuombewa dua? Kutembea kando ya malori ya Segera ni ujasiri, na ujasiri hauwi mazoea.

Kuhusu vikundi, hatuhitaji kuvianzisha. Vipo. Akina mama wa Msata, kama wa kila njia panda nchini, wana VICOBA vinavyokutana siku ileile ya wiki, saa ileile, na faini kwa mchelewaji ambayo wamejitungia wenyewe. Huo ndio mwembe wa 1973 uliorudi bila kuitwa na serikali. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwafikisha zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, na katika mwaka huo huo jina la Mtu ni Afya lilifufuliwa kwa kampeni ya usafi wa mazingira. Nafurahi jina limerudi. Ningefurahi zaidi kama utaratibu wake ungerudi pia, kwa sababu jina lilikuwa sehemu ndogo kuliko zote ya kazi ile.

Utaratibu huo kwa Msata ungekuwa hivi. Mhudumu wa afya wa kijiji aketi na kikundi cha VICOBA kwa majuma kumi na mawili mfululizo, akiwa na kipima presha kimoja. Kabla ya hisa kuhesabiwa kila mwanachama apimwe, na namba yake iandikwe katika daftari lake mwenyewe, pembeni ya akiba yake. Redio ya eneo itoe nusu saa kwa wiki, wataalamu wajibu maswali yaliyotoka vikundini. Kila kikao kichague jambo moja, kama kijiko kimoja cha sukari kipungue au nanasi moja la Kiwangwa likatwe hapo hapo kikaoni badala ya kuagiza soda. Wanaume wa bodaboda wana umoja wao na kijiwe chao, nao wafuatwe hapo, si kwa mkutano wa hadhara. Kisha diwani aulizwe kuhusu njia ya miguu na kiwanja, na aulizwe na watu wenye daftari mikononi, wanaojua presha zao zilikuwa ngapi mwezi uliopita.

Kipima presha si chombo cha anasa. Bei yake haifikii posho ya siku chache za semina moja ya uhamasishaji. Rasimu za bajeti za halmashauri huanza kuandikwa miezi kadhaa kabla ya Julai, na mapendekezo yanatakiwa yaanzie katika vijiji na vitongoji. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa sheria zetu, unapaswa kuitishwa walau kila miezi mitatu. Mtu wa Msata anayesoma hapa na amuulize mwenyekiti wake mkutano ujao ni lini.